Isale Mbele ya Kamati ya Muziki

INATANGAZWA kwa wananchi wote wa Wilaya kwamba kuanzia tarehe 7 Machi 1977 fomu ya maombi ya kibali cha muziki, ambayo hadi sasa ilikuwa ya rangi ya waridi, itakuwa ya rangi ya manjano. Fomu za rangi ya waridi zilizokwisha kujazwa zitarudishwa kwa wenyewe. Wananchi wanaombwa wasiwe na wasiwasi.

Hakuna mwananchi aliyekuwa na wasiwasi. Tangazo lilibandikwa ubaoni nje ya ofisi mjini Moshi, kando ya tangazo la chanjo ya mbwa, na katika wiki yake ya kwanza lilisomwa na watu wawili: tarishi aliyelibandika, ili ajiridhishe kwamba hakuligeuza juu chini, na Elisaria Mtui, mpiga gitaa, ambaye fomu yake ya waridi ilikuwa imekaa ofisini humo tangu Januari.

Rangi haikumsumbua. Kilichomsumbua ni kwamba fomu ya waridi ilikuwa na masanduku sita ya kujaza, na ya manjano ilikuwa na saba. Sanduku la saba, ambalo tangazo halikuona haja ya kulitaja, liliandikwa hivi: Maneno ya wimbo, nakala tatu.

Wakati huo Elisaria alikuwa na umri wa miaka thelathini na minne, na kwa miaka kumi hakuwa amepiga muziki wowote wenye maneno.

Hakuzaliwa na chuki hiyo. Alizaliwa Marangu, katika nyumba ya Kilutheri ambamo maneno yalikuwa mengi kuliko maziwa. Baba yake alipuliza tarumbeta kanisani, na mtoto alijua kuimba do, re, mi kabla hajajua kuandika jina lake. Akiwa na miaka kumi na minne alitolewa katika kundi la tarumbeta kwa kosa la kuongeza noti ambazo hazikuwamo kitabuni. Akashuka mjini, akajifunza ufundi wa redio na gitaa kwa pamoja, na mwaka wa Uhuru alikuwa mpiga solo wa bendi ya dansi. Bendi ile ilikuwa na tuni moja nzuri, aliyoitunga yeye. Kwanza tuni iliimbiwa msichana wa Machame. Mwaka 1961 msichana akatolewa, akaingizwa Uhuru. Mwaka 1964 Uhuru ukasogea, ukaingia Muungano. Mwaka 1967 Muungano nao ukapisha Azimio. Vidole vya Elisaria vilikuwa vilevile, mahali palepale, na maneno yalikuwa yakibadilishwa juu yake kama mashuka ya nyumba ya wageni. Siku mwimbaji alipokuja na karatasi ya tano, Elisaria alichomoa waya wa gitaa, akalifunga kwenye blanketi, akatoka. Hakusema kitu. Alikwisha kuona kwamba kusema ndiko kulikokuwa ugonjwa wenyewe.

Akaunda kundi la watu watatu: yeye na gitaa lake jekundu la umeme alilolivusha kutoka Kenya kwa mpaka wa Holili mwaka 1964, Leonce kwenye besi, Kastori kwenye ngoma. Walipiga roki tupu, bila mwimbaji, katika mabugi, yale madansi ya vijana ya Jumapili mchana. Vijana wa Moshi walijaa ukumbini hata katika miaka ile ambayo mlangoni walisimama vijana wengine, wa Chama, wakipima suruali kwa chupa ya soda: chupa ikikwama, suruali ilichanwa. Muziki wenyewe haukuwahi kupimwa. Hapakuwa na chupa ya kuupimia.

Sasa palikuwa na sanduku namba saba.

Katika kipindi hicho chote Elisaria alikuwa ametunga jambo moja ambalo yeye mwenyewe, asiyejisifu, aliliona ni kazi. Liliitwa "Mawenzi". Lilichukua dakika sita, na lilikuwa na mabonde na magenge kama kile kilele chenyewe cha Kilimanjaro, ambacho wazee husema kilipigwa na Kibo kwa mchi kwa sababu ya kuombaomba moto. Hakuna aliyewahi kulisikia nje ya Moshi. Gari la redio la kurekodia, lililofika mjini mara ya mwisho mwaka 1971, lingekuja tena tarehe 23 Mei na kukaa siku tatu. Lingerekodi waliokuwa na kibali tu.

Angeweza kusubiri gari jingine, kama si nyuzi. Nyuzi za gitaa la umeme zilitoka Kenya, na mwezi Februari mpaka ulifungwa. Elisaria alibaki na pakiti moja ambayo haijafunguliwa, aliyoizungushia kitambaa chenye mafuta na kuifungia kwenye kopo. Nyuzi zilizokuwa kwenye gitaa zilikwisha kuchemshwa mara nne katika sufuria ya mkewe, maana uzi mchafu ukichemshwa hurudiwa na sauti kwa siku chache, na uzi wa tatu haukuwa uzi bali unywele mmoja wa waya wa breki ya baiskeli. Kwa bugi ulitosha. Kwa kinasa sauti ungekuwa aibu ya milele. Pakiti ile ilitosha siku moja njema, na baada yake hakuna aliyejua.

Ndiyo maana alirudi ofisini na fomu ya manjano, sanduku la saba likiwa tupu.

Afisa Utamaduni, aliyekuwa pia katibu wa Kamati ya Muziki, alikuwa Faustin, mtu wa Rombo mwenye sauti laini, aliyesoma seminari miaka mitano kabla ya kugundua kwamba wito wake ulikuwa wa Serikali.

"Namba saba iko tupu, Ndugu Elisaria."

"Muziki wangu hauna maneno, Ndugu Afisa."

"Kila wimbo una maneno."

"Huu si wimbo. Ni gitaa."

"Fomu ni ya wimbo."

"Basi nipe fomu ya gitaa."

"Fomu ni moja."

Elisaria aliweka mikono yake juu ya meza ili aione, isije ikarusha ngumi bila yeye kujua. "Matarumbeta ya kwetu Marangu yanapigwa kila Jumapili bila neno hata moja. Nani aliyaombea kibali?"

"Yale yana maneno," alisema Faustin, bila haraka. "Yamo kwenye kitabu cha nyimbo. Hata yasipoimbwa, kila mtu anajua yanasema nini. Ya kwako yanasema nini?"

"Hayasemi."

"Hapo sasa. Kitu kisichosema, sisi tutajuaje kwamba hakisemi vibaya?"

Hoja hiyo ilikuwa nzima kama yai, na Elisaria aliichukia kwa sababu hiyo. Faustin akamsogezea fomu. "Kamati inakaa tarehe 15 Aprili. Jaza chochote. Lakini elewa, kilichoandikwa hapo ndicho kitakachorekodiwa. Fundi wa redio anafuata nakala."

Nyumbani Kiboriloni, mkewe Ruth alikuwa akimenya ndizi za mtori. Alisikiliza habari yote bila kuinua macho.

"Andika jina langu mara tatu, basi. Nakala tatu."

"Halafu aliimbe nani?"

"Mimi. Nitaenda na mwiko."

"Ruth, sina mzaha."

"Najua. Mwaka wa kumi huu sijakuona nao. Unataka nisemeje, mume wangu? Umempigia mbuzi gitaa."

"Nimewahi kumpigia mbuzi gitaa," alisema Elisaria. "Alisimama akasikiliza mpaka mwisho."

Aliijaza fomu siku hiyohiyo, kwa hasira na kwa ukweli. Aliandika kile kilichokuwamo ndani ya "Mawenzi" na si kingine: noti zake, kwa herufi za sol-fa kama alivyofundishwa na baba yake, mstari kwa mstari, d na m na s, na nukta zake na vistari vyake, katika nakala tatu safi. Hata leo ni vigumu kuonyesha alidanganya wapi.

Mwenyekiti wa Kamati alikuwa Ndugu Basili, mtu wa Songea. Alikuja miaka ishirini nyuma kukata miwa katika mashamba ya sukari yaliyo chini ya mji, akapanda hatua kwa hatua kwa uaminifu wa kweli. Haki impasayo apewe: hakuwa mjinga, wala mwizi, na aliamini taifa moja kwa sababu kwa miaka ishirini wenye mlima walimwita mtu wa kuja. Aliishika fomu kwa mbali kidogo, akaisoma, na uso wake ukakunjamana.

"Hiki ni Kichagga."

"Si Kichagga, Ndugu Mwenyekiti," alisema Elisaria, aliyekuwa amesimama mbele ya meza. "Ni sol-fa. Ni do, re, mi."

"Do siioni. Re siioni. Naona herufi zilizofichwa irabu. Mtu hafichi irabu bure."

Mjumbe mmoja, Mama Mektrida wa umoja wa wanawake, aliinamia nakala yake. "Na kwa nini Mawenzi? Mwenge uliwekwa Kibo. Nchi nzima inajua. Huyu kwa nini amekimbilia kilele kile kingine?"

"Kwa sababu kimevunjika, mama."

"Nani amekivunja?"

"Kibo."

Kamati iliandika jambo hilo.

Elisaria akamgeukia Faustin. Huko seminari Faustin aliongoza kwaya miaka miwili, na nyimbo zote za kwaya ile ziliandikwa kwa sol-fa. Yeye mwenyewe alikuwa akijisifia hilo mjini. Angeweza kulifunga shauri kwa sentensi moja. Faustin alikuwa akiitazama ncha ya kalamu yake kama daktari aitazamavyo koo la mtoto. Mwenyekiti alikwisha kusema, na Faustin hakuwa mtu wa kusema baada ya mwenyekiti.

Hapo ndipo Elisaria alipokosea, kama alikosea. Alisema, kwa sauti ya chini: "Ndugu Mwenyekiti, kutojua si dhambi. Dhambi ni kukalia kiti cha wanaojua."

Uamuzi ulichukua dakika mbili. Ombi la Ndugu Elisaria Mtui lilisimamishwa kwa sababu ya kutumia lugha isiyo ya taifa katika fomu ya Serikali na kumjibu Mwenyekiti kwa ukali, hadi hapo mwombaji atakapokiomba radhi kikao.

Kwa wiki nne Elisaria hakuomba radhi. Alitengeneza redio za watu sokoni, akasikia ndani yake nyimbo za wenye vibali, akazima kila redio mara ilipopona. Leonce alikuja kila asubuhi kuuliza habari, mpaka akaambiwa asiulize. Mei ilifika. Kopo la nyuzi lilikuwa palepale kabatini.

Aliyelikata shauri ni baba yake mdogo, Ebenezeri, mzee wa kanisa, aliyemwita Marangu na kumpokea akiwa anamkatia ng'ombe migomba.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Nimesikia umeshindwa kuandika maneno. Ungeweka hata haleluya."

"Sikushindwa. Nilikataa."

"Ni kitu kilekile, tofauti ni kwamba ukikataa unachoka zaidi." Mzee aliutupa mgomba zizini. "Huyu Faustin ni mtu wa Rombo, sivyo? Rombo isale inaota. Twende tukampe isale."

Hakuna mtoto wa mlimani asiyejua maana yake. Jani la isale, lilelile linalopandwa mpakani mwa vihamba, mashamba ya ukoo, na juu ya makaburi, likifungwa fundo na kupelekwa kwa uliyemkosea, halikataliwi. Watu waliokwisha kumwaga damu walilipeleka, na waliomwagiwa wakalipokea wakitetemeka kwa chuki, lakini wakalipokea. Hakuna silaha nyingine mlimani yenye nguvu kama hiyo. Lakini hakuna anayeibeba ila mkosaji.

"Nimekosa nini, baba mdogo? Do, re, mi?"

"Mimi sijui muziki. Unataka kibali au unataka haki? Niambie mapema, haki ni mbali na miguu yangu inauma."

"Isale hupelekwa nyumbani kwa mtu. Na pombe."

"Nyumba ya Faustin ni ya Serikali, na yeye hakai. Kikao ni Ijumaa. Tutampa hukohuko kikaoni, mbele ya wenzake. Atakwepea wapi?"

Elisaria aliitazama migomba iliyokatwa, ng'ombe, mgongo wa mzee. Akawaza dakika sita za "Mawenzi", na akahisi hasira ikigeuka na kuwa kitu kibaya zaidi, yaani hesabu. Angeinama mara moja, Ijumaa. Jumatatu angesimama mbele ya kinasa sauti.

"Haya," alisema.

Asubuhi ya Ijumaa, tarehe 20 Mei, alifungua kopo. Ruth alisimama mlangoni akimtazama akizikaza nyuzi mpya, moja baada ya nyingine.

"Si ulisema mpaka upate kibali?"

"Zinahitaji siku mbili kutulia. Na isale haikataliwi."

Ruth alijibu kwamba yeye alikuwa hajawahi kusikia kamati ikipewa isale. Lakini alimpigia koti pasi.

Kikaoni, mzee Ebenezeri hakungoja kuitwa. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwa Faustin, akatoa leso mfukoni, akatoa jani ndani ya leso, la kijani lenye fundo, akalinyoosha kwa mikono miwili. Elisaria alikuwa nyuma yake, kichwa kimeinama, gitaa limefungwa kwenye blanketi mgongoni.

Faustin alisimama. Hakuamua kusimama; miguu ndiyo iliyosimama. Mikono yake ilitangulia mbele, yote miwili, na sauti iliyomtoka haikuwa ya Afisa.

"Nimepokea," alisema.

Mama Mektrida, ambaye kwao ni Kibosho, mlimani hukohuko, alitazama dirishani. Kwa muda wa pumzi mbili Elisaria alikiona kibali chake kama anavyokiona kilele mtu aliyefika ukingoni.

"Umepokea nini, Katibu?" aliuliza Ndugu Basili.

Faustin akajikuta tena ofisini. Alieleza. Alieleza vizuri, kwa Kiswahili fasaha, kama mtu anayeandika kumbukumbu za kikao, kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake.

"Kwa hiyo anayelileta amekosa?"

"Ndiyo, Mwenyekiti. Kimila."

"Na hawezi kulileta asiyekosa?"

"Hawezi."

"Andika kwamba amekiri," alisema Mwenyekiti. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Aliomba jani. Alilishika kwenye kiganja, akaligeuza, na macho yake yakalainika. Katika miaka ishirini chini ya mlima ule hapakuwa na mtu wa mlimani aliyewahi kumwomba radhi kwa lolote. "Ndugu Elisaria," alisema, "nimekusamehe. Toka moyoni."

Alisema kweli, na hilo ndilo lililokuwa baya. Elisaria angeweza kuvumilia dhihaka.

"Nashukuru, Ndugu Mwenyekiti. Basi naomba niwapigieni huo muziki. Msikie wenyewe kama una tusi."

Wakaruhusu. Alilitoa gitaa kwenye blanketi, akakaa kwenye ukingo wa kiti, akapiga. Amplifaya ilikuwa Kiboriloni, na gitaa la umeme lisilo na amplifaya ni mbao tu zenye waya. "Mawenzi", lenye magenge yake yote, lilitoka kama mbu kwenye chupa. Vidole vilikwenda bila kosa. Nyuzi mpya ziling'aa. Wajumbe waliinama mbele kwa heshima, na mmoja akaweka mkono sikioni.

"Mbona hausikiki?" aliuliza Mama Mektrida ulipokwisha.

"Unahitaji umeme, mama."

"Basi hatuwezi kusema chochote juu yake," alisema Mwenyekiti, kwa upole. "Lakini shauri la radhi limekwisha. Katibu, ombi lake tunalipitisha namna gani?"

Faustin alifungua jalada. Alipekua huku na huko kwa muda mrefu, na alipoanza kusema hakumtazama mtu. Ugumu ulikuwa mmoja. Kosa lilitendwa ndani ya fomu. Maandishi yaliyosamehewa ndiyo hayohayo yaliyokuwa maandishi ya ombi. Kamati haiwezi kufuta kosa na kuyaacha maandishi yake, kwa kuwa hapo itakuwa imekipa kibali kile ilichokisamehe. Kama mwombaji asingekiri, maandishi yangekuwa bado yanabishaniwa, na ombi lingekuwa hai.

Wajumbe walitikisa vichwa kwa kuridhika. Wote waliona kwamba hoja ilikuwa imepigwa randa.

Elisaria alisimama, gitaa mkononi. "Nirudishieni kosa langu," alisema.

"Ndugu Elisaria—"

"Niliingia humu na kosa na ombi. Mmenisamehe, sasa sina hata kimoja. Nirudishieni jani, nirudishieni kosa, tubishane. Sikukosa. Huyu anajua sikukosa." Alimnyooshea Faustin kidole. "Anaisoma sol-fa kuliko mimi. Muulizeni."

Mwenyekiti alimtazama Faustin. Faustin aliitazama ncha ya kalamu.

"Kaa, mwanangu," alisema mzee Ebenezeri, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya mtu mzee kweli. "Isale hairudishwi."

"Nani aliyekuomba ulilete hapa?"

"Wewe ulisema, 'Haya.'"

Ni kweli alisema. Elisaria alilifunga gitaa kwenye blanketi, taratibu, akizipitisha nyuzi chini ya kitambaa zisiguse kitu, na akabaki amesimama, kwa sababu hakutaka wamsomee uamuzi mgongoni. Faustin aliusoma, kwa ile sauti yake laini:

"Kamati ya Muziki, katika kikao chake cha tarehe 20 Mei 1977, imeamua kwa kauli moja kumsamehe Ndugu Elisaria Mtui kosa lake la tarehe 15 Aprili. Kwa kuwa kosa hilo na ombi lake la kibali ni maandishi yaleyale, vyote viwili vimefutwa. Ombi jipya linaweza kuletwa katika kikao cha tarehe 17 Juni. Kamati imeridhika kwamba hakuna tatizo lolote lililobaki."